Siku moja maishani mwangu: daktari wa upasuaji wa kifua

Saa moja asubuhi tunapita wodini: mipira ya kifuani inayotoa hewa na maji baada ya upasuaji, dawa za maumivu, mazoezi ya kupumua.

Saa tatu, kliniki. Mzee mmoja kaja na mwanawe na bahasha ya picha za CT. Uvimbe wa sentimita 3.5, sehemu ya juu ya pafu la kulia. Ameshameza dawa za kifua kikuu miezi sita. Huku kwetu wengi huanzia hapo, maana kikohozi na kukonda ni dalili za kifua kikuu na za saratani ya mapafu pia.

"Daktari, tunaomba ile ya matundu," anasema mwanawe. "Si wanatoa kidogo tu?"

Hapa saa nzima itakwenda, na lazima iende. Kuingia kifuani ni jambo moja: ama tunapasua na kutanua mbavu, ama tunatoboa matundu na kutumia kamera, na wa matundu huumia kidogo na kuinuka mapema. Kiasi cha pafu kinachotolewa ni jambo jingine kabisa. Kwa matundu yaleyale tunatoa hata sehemu nzima.

Nachukua karatasi, nachora. Tunahesabu segmenti 19, yaani vipande vidogo vinavyounda sehemu kubwa za mapafu, kulia 10, kushoto 9. Hewa anayoipuliza mzee katika sekunde ya kwanza ni lita 1.9, kwa hiyo kila segmenti ni kama lita 0.1. Sehemu ya juu ina segmenti 3. Ikitoka, atabaki na 1.6. Likitoka pafu lote la kulia, 0.9, na hapo hata ngazi zitamtesa.

"Basi toeni segmenti moja, abaki na 1.8."

Hesabu yake ni sahihi, lakini haifai kwa uvimbe huu. Utafiti wa Japani uliotolewa 2022 uliwapima wenye uvimbe usiozidi sentimita 2, ulio pembezoni mwa pafu. Waliotolewa segmenti hawakuishi muda mfupi kuliko wenzao, ingawa saratani iliwarudia palepale kifuani asilimia 10.5, kwa 5.4 ya waliotolewa sehemu nzima. Wa mzee ni 3.5. Kwake ni sehemu yote ya juu pamoja na tezi za limfu, kwa matundu. Ila kama kifua kikuu kilikuwepo kweli, tezi huweza kugandia mshipa mkubwa wa damu, na hapo tunapasua wazi papo hapo. Hilo wanalisikia leo, kabla ya kutia sahihi.

Mchana wote ni chumba cha upasuaji.

Giza limeshaingia, miguu imevimba. Mama tuliyempasua juzi yuko kitandani, chupa ya mpira wake sakafuni.

"Kohoa, mama."

Viputo vitatu, kisha maji yanatulia. Pafu bado linavuja. Mpira haung'olewi leo.