Nilivyoweka ufuatiliaji wa prosesa ya swichi kwa SNMP

Prosesa ya swichi haibebi trafiki ya watumiaji. Kazi hiyo hufanywa na chipu maalumu, ndiyo maana swichi inaweza kupitisha gigabiti nyingi kwa sekunde huku prosesa imetulia kwenye asilimia 8. Prosesa ina shughuli zake: STP (itifaki ya kuzuia lupu), ARP ya swichi yenyewe (kutafuta anwani za MAC za anwani za IP), itifaki za kutafuta njia, SSH, na kujibu maswali ya SNMP, itifaki ya kusoma hali ya vifaa vya mtandao. Ikipanda ghafla na kubaki juu, mara nyingi kuna lupu (pakiti zinazunguka bila mwisho), brodikasti (pakiti zinazotumwa kwa vifaa vyote) zimezidi, au kuna pakiti ambazo chipu haikuweza kuzimaliza ikazipandisha kwa prosesa. Grafu hii moja hunipa habari ambayo grafu za porti zote hazitoi.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuitambua swichi, kwa sababu hakuna OID (namba ndefu inayotaja kipimo kimoja kwenye SNMP) moja ya prosesa inayofaa kwa kila mtengenezaji. Nilisoma sysObjectID, OID inayotambulisha aina ya kifaa:

snmpget -v3 -l authPriv -u mfuatiliaji -a SHA -A 'nywila-ya-kwanza' -x AES -X 'nywila-ya-pili' 10.0.0.2 1.3.6.1.2.1.1.2.0

Namba inayofuata baada ya 1.3.6.1.4.1 humtaja mtengenezaji: 9 ni Cisco, 11 ni HP, 2636 ni Juniper, 14988 ni MikroTik. Kwa Cisco nilitumia jedwali la 1.3.6.1.4.1.9.9.109.1.1.1.1, ambamo safu ya 6 ni wastani wa sekunde 5, ya 7 ni wa dakika 1, na ya 8 ni wa dakika 5. Safu za 3, 4 na 5 zina vipimo vilevile kwa mtindo wa zamani; ziache kama hizo mpya zinajibu. ProCurve inajibu kwenye 1.3.6.1.4.1.11.2.14.11.5.1.9.6.1.0, Juniper kwenye safu ya 1.3.6.1.4.1.2636.3.1.13.1.8. MikroTik na Arista wanatumia hrProcessorLoad ya kawaida, yaani 1.3.6.1.2.1.25.3.3.1.2, yenye mstari mmoja kwa kila kiini cha prosesa. Hapo unachukua wastani wa mistari yote.

Upande wa swichi ya Cisco, mipangilio ni mifupi. Hapa 10.0.0.5 ni seva ya ufuatiliaji, access-list ni orodha ya anwani zinazoruhusiwa kuuliza, na view ni orodha ya matawi ya OID yanayoruhusiwa kusomwa:

access-list 10 permit 10.0.0.5
snmp-server view PROSESA 1.3.6.1.2.1.1 included
snmp-server view PROSESA 1.3.6.1.2.1.47 included
snmp-server view PROSESA 1.3.6.1.4.1.9.9.109 included
snmp-server group UFUATILIAJI v3 priv read PROSESA access 10
snmp-server user mfuatiliaji UFUATILIAJI v3 auth sha nywila-ya-kwanza priv aes 128 nywila-ya-pili

Nywila ziwe na herufi zisizopungua 8. Usishtuke usipomwona mtumiaji kwenye running-config, kwani IOS, mfumo endeshi wa swichi za Cisco, haimwonyeshi hapo. Mtafute kwa show snmp user. Sehemu ya view naisisitiza sana. Bila hiyo, mtu yeyote mwenye nywila anaweza kuusoma karibu mti mzima wa OID, likiwemo jedwali la njia na la ARP, na usomaji huo peke yake unatosha kuipandisha prosesa unayotaka kuipima.

Kilichonichukua muda zaidi ni fahirisi, yaani namba ya mwisho ya OID inayotaja mstari wa jedwali. Ukisoma safu ya 8 kwa snmpwalk kwenye swichi zilizounganishwa kuwa rundo moja, unaweza kupata mistari kadhaa, na hakuna unaosema ni wa swichi ipi. Soma safu ya 2 ya jedwali hilohilo: inatoa namba ya kifaa, na namba hiyo ukiiweka mwishoni mwa 1.3.6.1.2.1.47.1.1.1.1.7 unapata jina lake. Ikija 0, maana yake swichi haikuuhusisha mstari huo na kifaa chochote. Sikuandika fahirisi kwa mkono kwenye mfumo wa ufuatiliaji, kwa sababu swichi ikibadilishwa ndani ya rundo inaweza kuhama. Niliacha mfumo uzigundue wenyewe kila saa.

Makosa yanayorudi yasomeke kwa makini. "No Such Instance" inamaanisha safu ipo ila fahirisi si sahihi. "No Such Object" inamaanisha swichi haina jedwali hilo, au view imelizuia. Kimya hadi muda uishe, angalia kwanza access-list na UDP 161, porti ya SNMP. "Not in time window" kwa swichi mbili zilizonakiliwa mipangilio, kagua kama zina engineID moja (kitambulisho cha SNMP ambacho kila swichi inapaswa kuwa na chake). Ukiibadilisha, lazima watumiaji waundwe upya kwa sababu funguo zao zimetengenezwa kutokana nayo.

Kuhusu muda: ukiuliza kila dakika 5, soma wastani wa dakika 5. Ukisoma ule wa sekunde 5 kwa mwendo huo, unaona sekunde 5 kati ya 300, na grafu inajaa miiba isiyo na maana. Mimi nauliza kila sekunde 60 na kusoma safu ya 7. Thamani ni Gauge, yaani kipimo cha wakati huo kinachopanda na kushuka, kwa hiyo ihifadhiwe ilivyo. Ukiuambia mfumo ni kaunta, utahesabu tofauti za vipimo na kukuchorea upuuzi.

Tahadhari niliiweka ilie wastani wa dakika 15 ukizidi asilimia 80, na izime ukishuka chini ya 60. Kabla ya hapo niliacha grafu ikimbie wiki mbili, kwani aina nyingine za swichi hukaa juu hata bila kazi. Pengo kwenye grafu nalihesabu kuwa dalili kamili: prosesa iliyolemewa huchelewa kujibu SNMP, hivyo vipimo hupotea wakati uleule unaovihitaji. Usilijaze pengo kwa sifuri. Weka tahadhari yake pembeni, na uiruhusu swichi yenyewe itume trapu, yaani ujumbe wa SNMP inaoutuma bila kuulizwa:

process cpu threshold type total rising 80 interval 60 falling 40 interval 60
snmp-server enable traps cpu threshold
snmp-server host 10.0.0.5 version 3 priv mfuatiliaji

Tahadhari ikilia, ninaingia na kuandika show processes cpu sorted. Mstari wa juu huonyesha kitu kama 85%/40%: ya kwanza ni jumla, ya pili ni sehemu inayoliwa na pakiti zinazoikatiza prosesa. Ya pili ikiwa kubwa, tafuta lupu au brodikasti kwenye porti. Ikiwa ndogo, tazama jina la mchakato ulio juu. Likiwa SNMP ENGINE, kuna seva inayosoma majedwali makubwa, na dawa yake ni kuibana kwa view kama ile ya juu.