Nilivyorudi katika maisha ya wanangu baada ya talaka

Siku niliyorudi kuwaona wanangu baada ya miezi 14 nilibeba mfuko wenye jozi moja ya viatu vya namba 27. Hiyo ndiyo namba ya mguu wa mwanangu wa kiume niliyokuwa nikiikumbuka tangu tulipokuwa tukiishi nyumba moja, wakati huo akiwa na umri wa miaka 4. Alikaa sakafuni, akavijaribu mbele yetu sote, akakunja vidole ili mguu uingie, kisigino kikabaki nje, kisha akainua uso na kuniambia, "Vinanitosha." Dada yake, aliyekuwa na miaka 10, alikuwa ameniamkia kwa adabu zote anazostahili mgeni, akabaki amesimama karibu na mlango akisubiri aruhusiwe kuondoka. Naanza na tukio hili kwa sababu ndilo lililonionyesha mahali nilipokuwa nimefika, jambo ambalo hati ya talaka na nasaha za ndugu havikuwa vimeweza kunionyesha.

Kwa miezi yote hiyo nilikuwa na sababu zangu, na nilizieleza kwa ufasaha kwa yeyote aliyeniuliza: kazi ilinihamisha, mama yao hakuwa akipokea simu, watoto walikuwa wakilia kila nilipoaga. Baadhi ya sababu hizo zilikuwa za kweli. Ambacho sikumwambia mtu ni kwamba kila nilipowatembelea katika wiki za mwanzo nilirudi nikiwa nimevunjika moyo, nikaona heri kutokwenda kabisa kuliko kwenda na kuaga tena. Matunzo niliyatuma kila mwezi bila kukosa, nami nikajidanganya kwamba mwanamume anayetuma matunzo hawezi kuitwa mtoro. Fedha zinazoingia katika simu ya mama hazina sura wala sauti kwa mtoto mdogo. Huenda hata hajui kama zipo.

Hatua ya kwanza niliyoichukua baada ya siku ile ilikuwa ya makosa. Nilikwenda kwa afisa wa ustawi wa jamii nikiwa na nakala ya uamuzi wa mahakama mkononi, nikataka binti yangu, ambaye alikuwa amekwisha kusema kwamba hataki kuja kwangu, alazimishwe kuja kwa siku zilizoandikwa. Afisa yule aliisoma nakala, akairudisha mezani, akanikumbusha kwamba Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, uliopitishwa mwaka 1989, unaitaja haki niliyokuwa nikiidai kuwa ni ya mtoto. Kwa mujibu wa ibara ya 9, mtoto aliyetengana na mzazi ndiye mwenye haki ya kudumisha uhusiano na kukutana mara kwa mara na wazazi wake wote wawili, isipokuwa pale ambapo jambo hilo linapingana na maslahi yake. Na ibara ya 12 inataka mtoto anayeweza kuwa na maoni yake asikilizwe, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. "Mpaka sasa umenieleza unachotaka wewe," aliniambia. "Binti yako anataka nini?" Niliondoka pale nikiwa na hasira, na zilipita siku kadhaa kabla sijakiri kwamba kilichonikasirisha ni kukosa jibu.

Mazungumzo na mama yao hayakufika nusu saa, lakini yalikuwa mazito zaidi. Yaliyotuachanisha sitayasimulia, kwa kuwa ni ya watu wazima wawili na hayana nafasi katika maelezo haya. Yeye hakunilaumu kwa mengi. Alinieleza tu habari za Jumamosi moja ambayo nilikuwa nimeahidi kwenda kumchukua mwanangu wa kiume: kwamba aliamka alfajiri, akavaa, akajitwika begi mgongoni, akakaa kizingitini mpaka giza likaingia, na hata alipoitwa kula hakukubali kulivua begi lile. "Ukisema unakuja halafu usije," alisema, "anayebaki naye usiku ni mimi. Kwa hiyo usiwaahidi siku nyingi. Waahidi chache, uje." Nilijaribu kuikumbuka Jumamosi hiyo, nilikuwa wapi na nilikuwa nikifanya nini, nikashindwa. Mpaka leo siikumbuki.

Tulikubaliana mambo machache na tukayaandika. Ningepiga simu kila Jumanne na Alhamisi saa moja jioni, na ningewaona Jumamosi moja katika kila wiki mbili. Habari za ada, matibabu na matunzo tungeandikiana sisi wenyewe kwa ujumbe mfupi, na maneno kama "mwambie mama yako" au "kamwambie baba yako" yasingepita tena kinywani mwa mtoto. Binti asingelazimishwa kuja wala kuzungumza nami.

Simu za mwanzo zilikuwa za kutia aibu. Nilikuwa nikiuliza, "Shule inaendeleaje?" nikajibiwa, "Vizuri." "Umekula?" "Ndiyo." Dakika mbili hazikuisha kabla maneno hayajatuishia, nami nikawa nasikia mwanangu akipumua kwenye simu akingoja nimruhusu aende zake. Nadhani sisi akina baba wengi tumezoea kuzungumza na watoto kwa kuwahoji, na umbali unaufichua udhaifu huo mara moja, kwa sababu huwezi hata kunyamaza nao huku mkitengeneza kitu. Ndipo jioni moja, kwa kukosa la kusema, nikaanza kumsimulia kisa cha mzee kipofu aliyekuwa akitembea na mbuzi wake, mbuzi akimwongoza, wakitafuta kijiji ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Nilikuwa nakibuni papo hapo, na muda ulipokwisha nilikikatiza mahali ambapo mbuzi amegoma kuvuka daraja. Alhamisi iliyofuata mtoto alipokea simu kabla haijaita mara ya pili.

Niliendelea hivyo kwa wiki saba au nane. Mama yao alikuwa akiweka simu mezani ikiwa katika sauti ya juu, na nyuma ya sauti ya mdogo wake nilikuwa nikisikia mtu akifunua kurasa za daftari, akisogeza kiti, akikohoa. Nilijua ni binti yangu, naye hakunisalimu hata mara moja, nami sikumwita. Jioni moja nikasimulia kwamba mzee yule alifika kwenye nyumba ya mlinzi wa msitu, akakabidhiwa barua, akaifungua, akaisoma huku mikono ikimtetemeka. Kurasa zikaacha kufunuliwa. "Mzee ni kipofu," sauti ya binti yangu ikasema kutoka mbali. "Barua ameisomaje?"

Sikuwa na jibu lolote la maana, nikamwambia kwamba nimekosea. Akasema, "Basi rekebisha," kisha akanyamaza kwa wiki nyingine mbili. Hata hivyo nilikuwa nimejua kwamba alikuwa akisikiliza tangu mwanzo, na kwa makini kunishinda mimi. Usiku huohuo nilichukua daftari nikaanza kuandika kumbukumbu za kisa, nani kasema nini na mbuzi ana rangi gani, ili nisinaswe tena. Na polepole kurasa za mwisho za daftari hilo zikawa za wanangu wenyewe. Niliandika namba ya viatu vya kila mmoja na tarehe niliyoipima, jina la mwalimu wa darasa, rafiki aliyegombana naye, kwamba mdogo anaogopa mbwa, kwamba mkubwa hapendi kuulizwa maswali mbele ya watu. Kuna atakayeona ni ajabu baba kuandika mambo ya watoto wake kama karani wa ghala. Mimi niliwahi kutegemea kumbukumbu, na ilinipa namba 27.

Katika zile Jumamosi nilijifunza zaidi kuuzuia mdomo wangu. Mtoto aliyeishi kati ya wazazi waliogombana hujifunza mapema kubeba habari, na mwanangu alikuwa hodari wa kazi hiyo: aliniambia mama kanunua nini, nani alikuja nyumbani, mama alisema nini kwenye simu, kisha akanitazama usoni kuona nitafanyaje. Nilitamani kuuliza zaidi, sitakana. Nilizoea kumjibu, "Sawa, mwanangu, hayo ni ya mama," na kugeukia tulichokuwa tukikifanya, mpaka akaacha mwenyewe. Baada ya miezi michache alianza kunieleza habari zake badala ya zile za nyumbani kwao, na hapo nilibaini kwamba kwa muda wote huo hakuwa amewahi kupata nafasi ya kunieleza.

Kumwomba binti yangu msamaha kulinichukua mara mbili. Mara ya kwanza nilizungumza kwa muda mrefu na kwa hisia, nikaeleza kuhusu kazi, kuhusu uchovu, kuhusu jinsi mambo yalivyokuwa magumu kati yangu na mama yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo ni kosa la mama?" Nikaona kwamba katika maneno yote niliyoyamwaga sikuwa nimekiri lolote. Mara ya pili ilikuwa yapata miezi mitatu baadaye, alipokuwa amekubali kuja na mdogo wake kwa mchana mmoja, nasi tukiwa tumeketi ngazini akifunga kamba za viatu. Nilimwambia, "Nilisema nitakuja, sikuja, wala sikupiga simu. Halikuwa kosa lako wala la mama. Lilikuwa langu." Aliendelea kufunga kamba, akaifungua, akaifunga tena. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Yeye ndiye aliyekuwa anasubiri. Mimi nilishajua huji." Sikumkumbatia wala sikutafuta neno la kumfariji, kwa sababu niliona wazi kwamba ambaye angefarijika ni mimi. Tukainuka tukaenda kumfuata mdogo wake.

Kilichonitia hofu zaidi baadaye kilikuwa kuwakanya. Baba anayewaona watoto Jumamosi moja katika kila wiki mbili hushawishika kuwa mtu wa kuwafurahisha tu, kwa kuogopa kwamba neno kali moja litawafukuza. Mwanangu aliwahi kumrushia dada yake kitu kikampiga usoni, nilipomkemea alilia na kusema, "Nataka kwenda kwa mama." Moyo ulinipasuka, na mkono ulikuwa tayari kutafuta zawadi ya kumnyamazisha. Nilimwambia kwamba atakwenda kwa mama jioni kama ilivyopangwa, na kwamba kabla ya hapo atamwomba dada yake radhi. Alinuna karibu saa nzima, akaomba radhi, akaniletea baiskeli ambayo mnyororo wake ulikuwa umeanguka. Tuliutengeneza pamoja, mikono ikajaa grisi, na suala la kwenda kwa mama halikutajwa tena mpaka muda wake ulipofika.

Kuna Jumamosi nilizozikosa hata baada ya hapo, kwa homa au kwa dharura ya kazi. Tofauti ni kwamba nilipiga simu siku moja kabla, nikazungumza na watoto wenyewe badala ya kutuma salamu kwa mama yao, na nikataja siku ya kufidia wakati huohuo. Mdogo alikasirika kila mara, nami sikumwambia asikasirike.

Sasa binti yangu ana miaka 14 na ndugu yake ana 9. Wanalala kwangu, wana kabati lao na miswaki yao, ingawa mkubwa yuko katika umri wa kutaka marafiki zaidi kuliko wazazi, na baadhi ya Jumamosi huja kwa saa mbili tu kisha akaondoka. Kuna mambo ambayo hajawahi kuniambia na ambayo najua humwambia mama yake. Sidhani kama nina haki ya kuyadai.

Majuzi nilichelewa kupiga simu kwa dakika 20 kwa sababu gari nililopanda lilikuwa limekwama njiani. Mdogo alipopokea alininong'oneza kwamba nisubiri, kwa kuwa dada yake alikuwa amekwisha kuanza kusimulia. Nikasikiliza. Kwa mujibu wake, mzee yule hakuwahi kuisoma barua hata kidogo. Aliibeba kifuani miaka yote mpaka alipompata mtoto wa kumsomea, na mbuzi alikuwa akijua hayo tangu mwanzo. Alipomaliza sehemu yake akavuta simu karibu, akaniambia niendelee kuanzia hapo, na kwamba kwanza niandike kwenye lile daftari langu, nisije nikampa tena mzee macho.