Nilivyochagua njia ya kupima mfungamano wa mtoto na mlezi, nikiwa Lamu

Projekti yangu ya saikolojia ilikua ya kulinganisha njia za kupima mtoto mchanga alivyofungamana na mlezi wake, alafu niseme ipi inafaa huku kwetu. Mwalimu alitegemea ntasema Hali Ngeni (Strange Situation), kipimo cha mwanasaikolojia Mary Ainsworth, na mambo yaishe, manake ndo inayosomeshwa kila mahali.

Mi kila njia nlikua naiuliza kwanza, ili ufanye kazi unataka mtoto awe anaishi vipi? Hali Ngeni inataka mtoto wa mwaka mmoja na kitu, chumba asichokijua, vipindi 8 vya dakika tatu tatu hivi, mama anatoka, mgeni anaingia, mama anarudi. Na kinachopimwa sio kilio (wengi hudhani ni kilio) ni vile anavyompokea mama akirudi: anamkimbilia akatulia, ama anampa kisogo, ama anataka kubebwa na huku anarusha mateke. Sa hapo lazima mtoto awe ameshtuka kidogo, na mtoto wa Langoni, mtaa wa hapa Lamu, anashtuka na nini? Kutwa yuko kwa nyanyake, shangazi, jirani, mama akienda arusini hana habari. Akimpuuza mama mlangoni utamuandika anakwepa, kumbe hata hajajua kaachwa. Sapporo kule Japani ilikua kinyume, watoto hawajazoea kuachwa kabisa, wakalia mpaka wengi wakaingizwa kundi la wasiotulizika.

Kilichonifungua macho ni utafiti wa hapa hapa Kenya, kwa Wakisii, wa Kermoian na Leiderman 1986. Walimpima mtoto na mamake, alafu na mlezi mwingine kando, na kwa vile watoto kule husalimiwa kwa mkono, wakaangalia mkono: mtoto anaunyoosha kwa hamu ama anaukataa. Hio ndo akili.

Mwisho nkachukua njia ya kadi ya Waters na Deane (1985), lile toleo la baadae lenye kadi 90. Kila kadi ina tabia moja, unazipanga mafungu 9 kuanzia inayomfanana sana mtoto mpaka isiyomfanana kabisa. Mama anaweza kuzipanga mwenyewe ila matokeo ya mtazamaji aliyefunzwa ndo yenye nguvu, kwaiyo lazima uende nyumbani ukae. Na kukaa nyumba ya Lamu kuna kazi yake, ukiingia tu umeshakua mgeni, mahamri yanakuja, mtoto anavishwa nguo za idi, hapo unaona nini? Nkaandika ziara ziwe ndefu na za kurudia, mtazamaji awe mwanamke, akae uani achambue mchicha na wenzake, kadi apange akitoka, mtoto na mama apangiwe mbali, mtoto na nyanyake mbali.

Mwalimu akauliza mbona naikimbia Ainsworth. Nkamwambia, Dakta, yeye mwenyewe alianzia Uganda miaka ya 50, anazunguka majumbani kuangalia watoto na mama zao, maabara ya Baltimore ilikuja baadae. Akacheka, akapitisha, ila kwa sharti kila mtoto atazamwe na watu wawili wasioonyeshana kadi.