Mawe ya Milaca

Jumamosi, tukielekea ziwa Mille Lacs, nilisimamisha gari Milaca, kamji kadogo hapa Minnesota, ninyooshe miguu. Mbele yangu jengo la zamani la halmashauri ya mji, la mwaka 1936, la mawe matupu: ya kijivu, ya waridi, ya kahawia, hakuna mawili yanayofanana. Ni kazi ya WPA, mpango wa Rais Roosevelt wa Marekani wa kuwaajiri waliokosa kazi enzi za Mdororo Mkuu wa uchumi, miaka ya 1930. Michoro ya kutani ndani ni ya Andre Boratko.

Marehemu babu alikuwa mwashi, basi nikajikuta napapasa viungo vya saruji kama yeye. Fundi kafanya kazi, jamani! Mama watoto akapiga honi mara tatu. Wanangu walikuwa na njaa.