Siku yangu na gari linalochemsha

Saa kumi alfajiri nipo stendi ya Igumbilo, Iringa, tunakagua matairi na utingo kwa tochi ya simu. Mimi ni konda wa basi la Iringa–Dodoma, kilomita kama 260 kupitia Mtera. Ukiniona mlangoni utadhani nalipwa kwa kupiga kelele. Kazi yangu ni kuhesabu vichwa, na siku hizi vichwa ni haba.

Saa kumi na mbili tunatoka na abiria 19. Mwaka jana gari likiwa zima tulitoka na 40, wote wamekata tiketi tangu jana yake. Sasa mtu akifika dirishani, kabla ya nauli anauliza namba za gari. Ukimtajia: "Ngoja nimpigie mwenzangu." Harudi. Basi tunaokota wa njiani, Migori, Mtera, Fufu, simama hapa simama pale, Dodoma tunaingia tumechelewa, na aliyekosa kikao chake leo ndiyo hatumwoni tena. Wala usiseme dereva akanyage mafuta afidie: mwisho kilomita 80 kwa saa, na kifaa cha LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, kinamwona.

Dodoma: vifurushi, chipsi mayai, kupakia. Saa saba tunageuza.

Saa kumi na kitu, katikati ya mlima Nyang'oro, mshale wa joto ukapanda. Dereva akaegesha bila kusema neno. Utingo akazungushia mfuniko wa rejeta tambara, akafungua, mvuke ukamrudisha nyuma hatua tatu. Hozi ilikuwa imepasuka urefu wa kidole, palepale tulipoifunga kwa mpira wa tyubu wiki mbili nyuma.

Kijana mmoja akaanza kunirekodi kwa simu. "Konda, waambie watu mnatuua!" Nikamwambia gari limesimama, halijaanguka. Akataka nauli yote, mpaka ya kule tulikokwisha mfikisha. Tumebishana hadi sauti ikanikauka, na maji yangu ya kunywa yalishaingia kwenye rejeta.

Ila aliyeniumiza hakupiga kelele. Mama mmoja wa zabibu, kila wiki na ndoo zake, siti namba 3. Lilipokuja basi lenye nafasi 12 nikaanza kufaulisha, yaani kuwahamishia humo abiria wangu, elfu nne kila kichwa kwa konda mwenzangu, kutoka kwenye hesabu yangu, pesa ya siku ninayompelekea bosi. Mama akashusha ndoo mwenyewe. Zabibu za juu zilikuwa zimeanza kutoa maji kwa jua.

"Mama, nisamehe."

"Wewe huna kosa, mwanangu." Kisha, taratibu kabisa, akamwomba yule konda namba yake ya simu.

Waliobaki nao tulikaa mpaka giza. Mtoto wa mtu alilala begani kwangu, sijui wa nani. Hozi tuliyoletewa na pikipiki haikuwa saizi, tukaikata kwa kisu.

Igumbilo tumeingia usiku sana. Bosi akapiga simu, swali la kwanza: "Hesabu iko wapi?" Nikamweleza ya kufaulisha. Akasema abiria wamekuwa wachache, rejeta mpya isubiri biashara ichanganye. Nikabaki nimeshika simu, dereva ananitazama.

Orodha ya kesho ina majina saba. Utingo ameshalala kwenye siti ya nyuma na viatu vyake.