Wiki tatu nikipambana na lupu, mpaka mdogo wangu alipogeuka kompyuta

Nianze na hasira, nitulie baadaye. Kila niliyemuuliza lupu kwenye programu za kompyuta ni kitu gani alinijibu kwa tabasamu lilelile: "Ah, ni kurudiarudia tu." Hilo "tu" ndilo lililonitia wazimu. Kurudiarudia nakujua, nimeosha vyombo tangu utotoni. Nilichokuwa sikijui ni nani anayeiambia kompyuta iache, na anaiambia lini.

Nilikuwa najifunza Python, lugha ya kuandikia programu. Vigeu nilivielewa siku ileile ya kwanza, maana kigeu ni kisanduku chenye jina, unaweka namba ndani, unaitoa, basi. Masharti ya if, yaani "ikiwa hivi, fanya vile", nayo yakapita bila jasho. Nikaanza kujiona bingwa. Halafu nikakutana na while, lupu inayorudia maadamu sharti lake ni kweli, nikaandika hivi (print ni amri ya kuonyesha kitu kwenye skrini):

hesabu = 1
while hesabu <= 10:
    print(hesabu)
hesabu = hesabu + 1

Mwenye jicho ameshaona. Mimi sikuona. Niliiendesha nikitarajia moja hadi kumi, nikapewa moja. Nzuri. Chini yake moja. Chini yake tena moja. Kabla sijafumba mdomo, skrini nzima ilikuwa moja zinazokimbia kwenda juu kama mtu amezitimua, na feni ya laptopu imeanza kuunguruma. Nikabonyeza kitufe hiki, nikabonyeza kile. Moja. Nikafikiri nimeingiza kirusi. Basi nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nacheka peke yangu: nilifunga kifuniko cha laptopu, kama mtoto anayejifunika shuka ili zimwi lisimwone. Nikasubiri dakika tano hivi, nikafungua polepole. Zile moja zikaendelea palepale zilipoishia.

Mwisho nilikandamiza kitufe cha kuwashia mpaka mashine ikazima, na mazoezi yote ya jioni ile, ambayo sikuwa nimeyahifadhi, yakaenda nayo. Siku kadhaa baadaye ndipo mtu mmoja akanitajia, tena kwa bahati, kwamba lupu isiyokoma kwenye Python unaikata kwa kushika Ctrl na C. Ningekuwa mimi ndiye mwalimu, hiyo ingekuwa sentensi ya kwanza ya somo la lupu, kabla hata ya neno while lenyewe.

Ushauri nilioupata baada ya hapo ulikuwa wa aina moja: tazama video nyingine. Nikatazama. Tatizo la video ni kwamba mwenye kufundisha anaandika, programu inakubali, anapongezwa. Hakuna anayekosea mbele yako. Mwingine akaniambia niikariri ile mistari. Niliikariri, tena vizuri, nafasi zile za pembeni tu ndizo sikuzikariri kwa sababu hakuna aliyeniambia kwamba nazo ni sehemu ya lugha.

Mbinu iliyonikomboa niliibuni mwenyewe kwa kukata tamaa, na ninajisifu nayo bila aibu. Nilimwita mdogo wangu, ambaye programu hazijui na hataki kuzijua, nikamwambia leo wewe ni kompyuta. Nikaandika ile programu yangu kwenye karatasi kwa maneno ya kawaida, mstari chini ya mstari, nikiacha nafasi pembeni palepale nilipoziacha kwenye Python. Nikampa kikaratasi kingine kidogo, juu kimeandikwa "hesabu", ndani nimeandika 1 kwa penseli, na kifutio pembeni. Sheria zilikuwa mbili. Fanya kilichoandikwa, usinisaidie. Na mistari iliyosogezwa ndani ikiisha, rudi juu kwenye swali, uulize upya.

Akaanza kwa mbwembwe. "Namba yangu haizidi kumi? Haizidi. Nasema namba: moja." Akarudi juu. "Haizidi kumi? Haizidi. Moja." Akarudi. "Moja." Mara ya nne sauti ikapoa. Mara ya saba au ya nane akaweka karatasi chini, akaniangalia.

"Dada, hii namba nani anaibadilisha?"

Nikamwonyesha mstari wa mwisho. Si huu hapa, ongeza moja?

"Huo sijaufikia. Nitaufikiaje na kila nikimaliza unanirudisha juu?"

Nilikaa kimya kidogo. Wiki tatu, video zisizo na idadi, na jibu linatoka kwa mtoto mwenye kifutio mkononi. Mstari wa kuongeza moja ulikuwa nje ya lupu. Kompyuta haikuwa imeharibika wala haikuwa na kirusi. Ilikuwa inatii, na ingetii mpaka kesho. Nikasogeza ule mstari ndani kwa nafasi nne, nikaiendesha, zikatoka moja hadi kumi, zikakoma. Zilipokoma nilipiga kelele nyumba nzima ikasikia.

Tangu siku hiyo while yoyote naiuliza maswali matatu kabla sijaiendesha: kisanduku kinaanza na nini, swali ni lipi, na nani anakibadilisha akiwa ndani. Likikosa jibu moja, sibonyezi kitu.

Halafu nikaingia kwenye for, lupu inayopita kitu kimoja kimoja kwenye mfululizo, nikiwa na kiburi, nikashushwa tena. range(1, 10), inayoipa for namba za kupitia, inaishia tisa. Nikauliza kwa nini, nikajibiwa ongeza moja uendelee na maisha. Nikawa naongeza moja kila mahali kama mtu anayetia chumvi bila kuonja, nusu ya programu zangu zikazidisha. Kumbe ina mantiki yake, na ni tamu ukiijua: mwanzo unahesabiwa, mwisho hauhesabiwi, kwa hiyo ukitoa mwanzo kwenye mwisho unapata idadi ya mizunguko moja kwa moja. Kumi toa moja, mizunguko tisa. Na range(10) huanza sifuri kuishia tisa, mizunguko kumi kamili. Mwaka 1982 mwanasayansi wa kompyuta kutoka Uholanzi, Edsger Dijkstra, aliandika waraka mfupi akitetea mpangilio huohuo, pamoja na kuanza kuhesabu kutoka sifuri. Yule wa "ongeza moja" angeweza kunieleza haya kwa dakika moja.

Lupu ndani ya lupu siisimulii. Kwa vikaratasi viwili na mdogo wangu akiwa na subira iliniingia jioni moja.

Iliyonipa raha kuikamata ni nyingine. Nilikuwa na orodha ya namba, [2, 4, 6, 7], nataka kufuta zote zinazogawanyika kwa mbili. Nikaandika lupu ipite kwenye orodha, kila ikiona namba ya namna hiyo iifute. Nilitegemea ibaki 7 peke yake. Ikabaki [4, 7]. Nikairudia mara ngapi sijui, nne haiondoki. Nikaanza kuishuku ile alama ya kugawanya, nikaiandika upya, nne ipo tu.

Safari hii kompyuta nilikuwa mimi. Niliandika kila namba kwenye kipande chake cha karatasi, nikavipanga mezani, nikaweka kidole kwenye nafasi ya kwanza. Mbili, futa. Nikaiondoa, na vilivyobaki nikavisogeza kushoto kuziba pengo, kwa sababu ndivyo orodha inavyofanya. Sasa nne imekuja kukaa nafasi ya kwanza. Lakini kidole hakirudi nyuma, kidole kinakwenda nafasi ya pili, na pale yuko sita. Nne imepita chini ya kidole changu kama abiria aliyebadilisha kiti konda asimwone. Sita nikaifuta, saba ikasogea, kidole kikaenda nafasi ya tatu, hakuna mtu. Kwisha. Dawa yake ni kutofuta unachokitembelea: tengeneza orodha mpya ya unavyotaka kubaki navyo, au pita kwenye nakala na ufute kwenye ile halisi.

Gharama ya yote haya ni daftari moja, penseli, na ahadi kadhaa kwa mdogo wangu ambazo nyingine bado ananidai.

Sasa sikilizeni hii. Mwezi uliopita mmoja wa wale wa "tu" alinijia na laptopu inaunguruma. Lupu yake inaanza na x ikiwa sifuri, inaongeza 0.1 kila mzunguko, na inakoma x ikifika 1. Ameandika while x != 1, yaani endelea maadamu x si moja. Mizunguko kumi, hesabu ya darasa la tatu, na haikomi. Kisanduku kinabadilika, swali lipo, kila kitu kiko ndani. Nikamwambia kwanza Ctrl na C, halafu weka print tuone x inasemaje. Tukahesabu mistari pamoja, tukafika wa kumi: 0.9999999999999999. Wa kumi na moja ulikuwa 1.0999999999999999. Imeiruka moja bila kuikanyaga, kwa sababu kompyuta huhifadhi namba kwa mfumo wa sifuri na moja, na 0.1 katika mfumo huo haiandikiki ikakamilika, kama theluthi isivyokamilika kwa desimali. Hapo aweke x < 0.95, au ahesabu mizunguko kwa namba nzima aachane na desimali.

Akaniuliza niliijuaje. Nikampa tabasamu lake mwenyewe, nikamwambia ni kurudiarudia tu.