Fungu moja kati ya mia mbili

Kitu cha kwanza kilichonishika New Bedford kilikuwa chupa.

Ukiingia jumba la makumbusho ya nyangumi pale mjini, jimbo la Massachusetts, Marekani, unakuta mifupa yao imetundikwa darini. Mmoja ni Kobo, nyangumi wa buluu, dume ambaye hakuwahi kufikia utu uzima, na bado ana urefu wa mita 20 hivi. Aligongwa na meli mwaka 1998. Mifupa ikasafishwa, ikaungwa, ikatundikwa, na mpaka leo inatoa mafuta. Yanachuruzika kidogo kidogo, kwa hiyo wamewekea mrija na chupa ya kukingia. Binamu yangu alikuwa ameshatangulia na simu yake, anapiga picha. Mimi nimesimama na chupa. Ni ugonjwa wa kazi: nimekuwa mhasibu miaka kumi na tisa, na nikiona kitu kinakingwa, nauliza ni cha nani.

Na mji huu wote umejengwa juu ya swali hilo. Mwaka 1857 bandari hii ilikuwa na meli 329 za kuwinda nyangumi, zikiajiri watu wapatao 10,000. Mafuta yaliwasha taa na kulainisha mashine za viwandani. Nta ya kichwani mwa nyangumi wa spemu ilitengeneza mishumaa isiyotoa moshi wala harufu. Hata zile sahani za kinywani, ambazo aina nyingine za nyangumi huchujia chakula, zilikwenda kwenye miavuli na nguo za kike za kubana kiuno.

Ndani ya jumba hilo kuna Lagoda, mfano wa meli halisi kwa nusu ya ukubwa wake, uliojengwa kwa fedha za binti wa Jonathan Bourne, tajiri aliyeimiliki. Unapanda, unatembea juu ya sitaha. Nilisimama zaidi kwenye matanuri ya matofali. Shahamu ilikatwa vipande, ikayeyushwa kwenye masufuria makubwa ya chuma, kisha makapi yaliyobaki yakatupwa motoni kuwa kuni. Yaani nyangumi alipikwa kwa nyangumi. Kwa gharama za uendeshaji, kichwa changu kiliinama kwa heshima.

Lakini heshima iliniisha nilipofika kwenye mishahara. Haikuwapo. Hakuna baharia aliyekuwa na mshahara. Kila mtu alikuwa na fungu la mapato ya safari nzima, na safari ilikuwa miaka mitatu, minne. Nahodha angeweza kupata fungu moja kati ya 12. Kijana asiyejua kazi, moja kati ya 200 au hata chini ya hapo. Wenye meli walibaki na karibu theluthi mbili.

Tupige hesabu, maana bila hesabu jambo hili linapita kama hadithi. Tuseme meli imerudi na mzigo wa dola 60,000 baada ya miaka minne. Nahodha wa moja kati ya 12 anachukua 5,000. Kijana wetu anapata 300, ambazo ni dola sita na senti 25 kwa mwezi. Usizitie mfukoni bado. Kuna malipo ya awali aliyopewa kabla ya kuondoka, pamoja na riba. Kuna nguo za kuanzia. Halafu kuna sanduku la bidhaa la melini: shati likichanika, tumbaku ikiisha, kisu kikianguka baharini, unakopeshwa humo kwa bei wanayoitaka wao, na duka la pili liko upande mwingine wa bahari. Wapo waliorudi bandarini baada ya miaka yote hiyo wakiwa wanadaiwa. Nimeona madaftari mengi mabaya maishani, ila hili limeandikwa kwa mwandiko mzuri kuliko yote.

Frederick Douglass, aliyekuja kuwa msemaji mashuhuri wa kupinga utumwa, alifika hapa mwaka 1838, siku chache baada ya kutoroka utumwa Maryland. Jina la Douglass alipewa humuhumu mjini na Nathan Johnson, mwenyeji wake. Alikuwa fundi wa kukalafati, yaani kuziba nyufa za meli zisivuje, na kazi hiyo ingemlipa dola mbili kwa siku. Mafundi weupe wakasema akigusa meli wao wanaondoka. Basi akafanya vibarua kwa dola moja: kupasua kuni, kuzoa makaa, kupakia mafuta. Dola moja iliyokosekana kila siku hakuna daftari lililoiandika.

Kisha kuna Lewis Temple, mhunzi Mwafrika-Mmarekani aliyezaliwa Richmond, Virginia. Chusa za zamani, ile mikuki ya kuchomea nyangumi, zilikuwa na ncha kama mshale. Nyangumi akivuta kwa nguvu, ncha inachana nyama na kutoka. Mwaka 1848 Temple akatengeneza chusa lenye kichwa kinachozunguka kwenye msumari. Kijiti chembamba cha mti kinakishikilia kiwe sambamba na mpini wakati wa kuingia. Kamba ikivutwa, kijiti kinavunjika, kichwa kinageuka na kukaa mkingamo ndani ya nyama. Watu wa Aktiki walikuwa na wazo la namna hiyo tangu kale, ila la Temple lilikuwa la chuma, na wahunzi wengine walilinakili bila kumlipa kitu, kwa sababu hakulisajili. Alifariki mwaka 1854. Sasa ana sanamu mbele ya maktaba ya mji, ameshika chusa lake. Binamu akanipiga picha hapo, nimekunja uso.

Mwisho wa biashara unajulikana. Mafuta ya petroli yalichimbwa Pennsylvania mwaka 1859. Mwaka 1871 meli 33 zilinaswa na barafu kaskazini ya Alaska, zikaachwa. Watu 1,219 wakaokolewa wote kwa mashua. Matajiri walikuwa wameshaanza kuhamishia mitaji kwenye viwanda vya pamba. Mwaka 1924 meli ya nyangumi Wanderer iliondoka New Bedford na kupigwa na dhoruba kwenye miamba ya kisiwa cha Cuttyhunk siku moja tu baadaye.

Kabla ya kutoka nilirudi kwa Kobo. Nilitaka kuona tone moja likianguka, nijue kasi yake, nikadirie chupa itajaa lini. Nilisubiri dakika kumi kwa saa. Halikuanguka hata moja, na binamu alikuwa nje anapiga honi.